Mlango Unatazama Wapi?

Maneno haya niliyasema Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, baada ya sala ya alasiri. Walioyakosa wameniomba niyaandike. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikaongeza machache ambayo siku ile muda haukuniruhusu.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, nanyi wanangu mliojipanga kwenye ngazi za ngome: ahsanteni kwa kuniita. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Nimechora hapa Amu, nimechora Malindi, na kazi yenyewe nilijifunza Nairobi, nikipanga chumba Buruburu.

Lililonileta ni swali la binti wa jirani yangu kule Kashmiri, mtaa mpya ulio nje ya mji wa kale. Aliniuliza, "Shangazi, mbona mama kila akienda kununua samaki husema 'nashuka mjini'? Kwani sisi hatukai mjini?" Nyumba yao ina umeme, ina bati jipya, na mwendo wa kufika hapa Mkunguni ni dakika chache. Kwenye karatasi za serikali wanakaa Lamu mjini. Lakini mama yake hakukosea hata kidogo. Kila anayekaa kule husema hivyo hivyo, na hata mimi husema. Nilipofungua kinywa nimjibu, nikakuta sina jibu. Nimekwenda nalo swali hilo kwa muda mrefu, na leo nawaletea nilichokipata.

Majibu ya haraka niliyaondoa kwanza. Watu wengi hudhani mji ni wingi wa watu. Basi nendeni mkaone majengo ya ghorofa yaliyosimamishwa peke yake porini, pembeni mwa barabara kuu, mamia ya watu wakiwa wamepangwa mmoja juu ya mwenziwe. Ukitoka getini hapo unakutana na vumbi na matatu. Watu wapo tele, mji haupo. Wengine husema mji ni ukubwa. Mui wetu, yaani mji wetu, wa kale, huu ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una hekta kama 16 tu. Kuna mashamba ya minazi huko bara yanayoupita. Mtu mzima huutembea kutoka kaskazini hadi kusini kabla chai yake haijapoa. Na bado hakuna mgeni aliyeshuka gatini hapa akauliza mji uko wapi.

Wengine watasema kelele. Hapana. Ingia ndani ya Mkomani, mtaa wa kale wa nyumba za mawe, saa nane za mchana, uache Usita wa Mui, ile njia kuu, upande vichochoro. Utasikia mchi kwenye kinu, mtoto anasoma, maji yanamwagwa. Pametulia kuliko Kashmiri, ambako bodaboda hazilali. Na bado pale ndipo mjini, tena mjini kwenyewe.

Lugha yetu ilinisaidia kuliko vitabu. Siku hizi tukitaka kutaja mahali pa nje ya mji pa kukaa watu, tunasema "viungani". Kiunga asili yake ni nini? Ni shamba la miti ya matunda lililo kando ya mji. Miembe, minazi, mikanju. Mtu alikuwa na nyumba mjini na kiunga nje. Kiunga ni mahali ambapo kila mti umepewa nafasi yake, hakuna mti unaougusa mwingine, na baina yao mna hewa na majani. Sasa chukua picha hiyo, toa mwembe, weka nyumba. Nyumba katikati ya kiwanja, nafasi pande zote nne, ukuta au ua kuzunguka. Hicho ndicho kiunga cha leo. Tumepanda nyumba kama tulivyopanda miembe. Waliolipa neno hilo maana ya pili waliona jambo ambalo wengine wameliandikia majuzuu.

Na mji je? Mji ni pale nyumba zinapogusana, na nafasi iliyobaki baina yao ikawa ya watu wote.

Nataka nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo penye mambo.

Itazameni nyumba ya Mkomani. Ukuta wake wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake kama nusu mita, unasimama moja kwa moja njiani. Hakuna bustani mbele, hakuna ua. Ukinyosha mikono miwili katika baadhi ya vichochoro utagusa nyumba za watu wawili ambao labda hawasemezani. Halafu penye mlango ukuta unarudi nyuma kidogo, panatengenezwa daka, na pande mbili za daka mna viti vya mawe vilivyojengwa pamoja na nyumba. Daka ni la nani? Limo ndani ya mipaka ya mwenye nyumba, kalijenga kwa pesa zake, analifagia yeye. Lakini mpita njia akichoka hukaa. Mzee akimngoja mwenziwe hukaa. Mvua ikinyesha wanakaa watu wasiojuana. Hakuna anayebisha hodi ili akae dakani. Hodi inaanzia mlangoni, ndani yake.

Ukishaingia kuna tekani, kijiukumbi cha kuingilia, na tekani imepinda ili anayesimama mlangoni asione kiwanda, yaani ua wa ndani. Baada ya kiwanda ndipo msana wa kwanza, ule ukumbi mrefu, kisha wa pili, kisha chumba cha ndani. Hatua kwa hatua nyumba inaondoka kwa watu na kuwa ya wenyewe. Mimi nikiwa mchoraji naliona hili kuwa jambo la hikima sana. Wazee wetu walitaka sitara kwa nguvu zote, pengine kuliko mtu yeyote anayejenga leo. Lakini hawakuitafuta kwa kuisogeza nyumba mbali na njia. Waliitafuta kwa kupindisha tekani. Sitara ilitoka katika ramani, haikutoka katika umbali. Leo mtu akitaka sitara ananunua futi nyingi zaidi na bloki za kujengea ukuta wa nje.

Na vipimo vya mui havikutoka hewani. Dari zetu hushikwa na boriti za mikoko, na boriti haipiti kadiri ya mita mbili na nusu, pengine tatu kasoro, ila uikate kwa tabu. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Sasa tazama wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Wikio nalo hushikwa na boriti. Kwa hiyo njia iliyo chini ya wikio haiwezi kuwa pana kuliko boriti. Mti wa mkoko ndio uliotupimia njia. Katika Hadithi ya Mtume, sala na salamu zimshukie, watu wakikhitalifiana juu ya njia basi ifanywe dhiraa saba, yaani mita tatu na kitu. Njia zetu nyingi za ndani ni finyu kuliko hivyo kwa sababu majirani hawakukhitalifiana. Walijenga kwa kusikilizana, na mara nyingi nyumba mbili zenye wikio zilikuwa za ukoo mmoja. Mama zetu walikuwa wakitoka nyumba hii kwenda ile kwa juu, bila kukanyaga chini. Mui ulikuwa na njia mbili, ya tini na ya yuu.

Wanangu, jaribuni jambo hili. Simameni popote mnapotaka, mtembee hatua mia moja kwa mwendo wa kawaida, mhesabu milango. Mlango wa mtu, mlango wa duka, mlango wa msikiti, mlango wa madrasa, dirisha analochungulia fundi cherehani. Nilipofanya hivyo Usita wa Mui, vidole vya mikono na miguu havikunitosha. Nilipofanya hivyo kwenye njia mpya kule juu, vidole vya mkono mmoja vilibaki. Hatua ni zile zile, watu ni wale wale, jua ni lile lile. Kwenye njia ya kwanza sikuona nimefika. Kwenye ya pili niliona nimetembea safari.

Nadhani jibu la yule binti limo humo. Mahali panakuwa mji kwa kadiri njia yake inavyokupa jambo kila baada ya hatua chache: mlango, uso, kivuli, harufu ya mahamri, mtu wa kuamkua. Panakuwa kiunga kwa kadiri njia inavyokuwa ya kupita tu, na kila jambo limejificha nyuma ya ukuta likikungoja ubishe hodi. Ndipo nikatambua kwamba swali la kuiuliza nyumba ni moja. Mlango wako unatazama wapi?

Nilipokuwa na miaka saba au minane nilitumwa chumvi mtaa wa Langoni. Nikapotea njia, si kwa kutojua, kwa kucheza. Nikafuata punda aliyebeba mawe. Kabla sijarudi nyumbani, mama alikuwa ameshajua nimepita kwa nani, nimekaa daka gani, na chumvi nimeimwaga wapi. Hakuna aliyetumwa kunifuata. Habari ilitoka daka hadi daka. Utotoni niliona ni jela. Nilipokuwa mzazi nikaona ni neema.

Huko Marekani alikuwako mwanamke mmoja, Jane Jacobs, mwandishi wa magazeti aliyekuwa akikaa Hudson Street, mtaa wa Greenwich Village, New York. Hakusomea kupanga miji. Alikaa dirishani kwake akatazama: muuza duka anafungua asubuhi, watoto wanakwenda skuli, watu wa kazi wanapita, wa jioni wanakuja. Mwaka 1961 akaandika kwamba usalama wa njia hauletwi na polisi kwanza, huletwa na macho ya watu wenye sababu ya kuwapo pale. Akasema mtaa unahitaji mchanganyiko wa shughuli, vipande vifupi vya njia ili mtu apate kona nyingi, majumba ya kale kando ya mapya, na watu wa kutosha. Wakubwa wa mipango wa wakati ule walimdharau, na alisimama nao hata barabara kuu iliyotaka kupasua kusini ya Manhattan isijengwe. Nilipolisoma hilo Nairobi, nilicheka kwa furaha peke yangu chumbani. Mato, yaani macho, ya njia! Bibi zangu walikuwa wakilijua hilo, na walikuwa wamelijengea kiti cha mawe.

Sasa niwapeleke Malindi. Nilikaa Malindi miaka michache nikichora majumba ya kifahari upande wa Casuarina, kwenye barabara inayokwenda hifadhi ya bahari. Panapendeza mno. Mivinje, mibogonvilia ya rangi zote imemwagika juu ya kuta. Nilikuwa nikienda kazini kwa miguu. Upande wa kulia ukuta, upande wa kushoto ukuta. Geti kubwa la gari, na ndani ya geti hilo kijimlango kidogo cha mtu, kana kwamba mtu ni jambo la dharura. Nje ya geti askari amekaa kwenye kiti chake cha plastiki. Yeye ndiye aliyekuwa mato ya barabara nzima, na alilipwa kwa kazi hiyo. Nikimsalimia alifurahi sana, maana tangu asubuhi hajasemeshwa. Siku moja mvua kubwa ilinikuta njiani. Nilitembea, nikatembea, sikupata hata upenu wa kujisitiri. Si kwamba watu wale walikuwa wabaya. Wangejua wangenifungulia. Lakini hakukuwa na daka, na nyumba ilikuwa mbali mno kunijua.

Jioni nilikuwa nikirudi mjini, upande wa Shela ya Malindi, karibu na Msikiti wa Juma na yale makaburi yenye nguzo. Huko mama amekaa na karai lake la viazi kando ya njia, watoto wanacheza mpira baina ya kuta, mzee anatengeneza baiskeli. Mwili wangu ulikuwa ukilegea nikifika pale. Mabega yanashuka. Nawaambieni kweli, tofauti ya mji na kiunga mwili huijua kabla ya akili.

Mtanidhania nasema kiunga ni cha matajiri na mji ni wa masikini. Sivyo. Mkomani palijengwa na matajiri. Na kiunga cha siku hizi huko kilikozaliwa kilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kati, tena kwa sheria. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya kijiji kimoja cha Ohio kiitwacho Euclid, ikakubali kwamba serikali ya mji ina haki ya kutenga: huku nyumba za familia moja moja, kule maduka, kule viwanda. Katika hukumu hiyo nyumba ya ghorofa ya kupangisha ililinganishwa na kimelea kinachonyonya mtaa wa nyumba za watu. Kuanzia hapo kutenga kukawa ndiyo desturi. Mwaka 1947, kwenye mashamba ya viazi ya Long Island, ukaanza kujengwa mtaa wa Levittown. Katika miaka minne hivi zikasimama nyumba zaidi ya 17,000 zinazofanana, kila moja na majani yake mbele. Wapiganaji waliorudi vitani walipata nyumba kwa bei wanayoiweza, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwao. Lakini hati za mwanzo ziliwakataza watu weusi kukaa humo. Kuta nyingine hazijengwi kwa bloki.

Fikra hiyo ya kutenga ilitufikia sisi pia. Nairobi ilipangwa na wakoloni kwa mitaa iliyotengwa, huyu hapa, yule pale, na mpango mkuu wa 1948 ukaigawa katika vitongoji vidogo vidogo, kila kimoja na skuli yake na uwanja wake. Buruburu nilikokaa mimi ilijengwa kwa awamu tangu miaka ya 1970, nyumba nzuri sana zimezunguka viwanja vidogo vinavyoitwa korti, na njia nyingi hazitokei upande wa pili. Ukiingia unageuka ulikotoka. Ilikusudiwa iwe kiunga. Lakini watu wake walifanya nini? Mmoja akatoboa ukuta akafungua kibanda cha mboga. Mwingine akageuza sebule kuwa saluni. Wa tatu akajenga vyumba vya kupangisha mbele. Wakubwa wa mipango walilalamika, na baadhi ya malalamiko ni ya haki, maana mifereji haikujengwa kwa watu wote wale. Lakini mimi niliyekuwa mgeni sina mtu, ni vile vibanda vilivyonifanya nijuane na majirani. Mwenye nyumba wangu sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya kodi. Muuza sukuma alikuwa akijua nimeumwa.

Nisiseme upande mmoja. Kiunga kina haki yake. Mtoto anataka mahali pa kukimbia. Mti unataka udongo. Mgonjwa anataka hewa. Mui wetu una maradhi yake: maji machafu yanapita mferejini mbele ya mlango, harufu mnaijua, na moto ukizuka penye makuti hakuna gari la zimamoto litakaloingia kichochoroni. Langoni imeshalia kwa moto zaidi ya mara moja. Kijana anayeoa leo akataka kiwanja chake kwenye mitaa mipya ya Wiyoni au Kandahari si kwamba ameusaliti mui. Mkomani hapana nafasi, na nyumba nyingine zimeshanunuliwa na watu wa mbali wanaozifungua wiki chache kwa mwaka. Hilo nalo linaua mji, tena kimya kimya: daka lipo, mlango wa nakshi upo umepakwa mafuta, na ndani hamna mtu. Ukuta umegusa njia lakini haukuitazama. Nimepita vichochoro hapa Mkomani nikahisi baridi ile ile ya Casuarina.

Kwa hiyo sitawaambia mrudi wote ndani ya hekta 16. Ninachosema ni kwamba tunakokwenda kujenga, tujenge mui.

Wazee wetu walijua kuongeza. Ngome hii ilipoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 19, ilikuwa karibu na maji. Usita wa Mui ndio uliokuwa kando ya ufuo. Mui ukajaza pwani kidogo kidogo, ukajipatia usita wa pili, na majumba yenye roshani yakasimama yakitazama bahari. Hakuna aliyeruka akaenda kujenga mbali kisha akaacha tupu katikati. Nyumba ya leo iliegemea ya jana.

Sasa sisi tunaruka. Kaunti hii nzima ilihesabiwa mwaka 2019 ikapatikana na watu 143,920. Gati la kwanza la bandari ya Kililana lilifunguliwa Mei 2021. Barabara ya lami imetufikia kutoka Garsen. Ofisi zimevuka maji zikahamia Mokowe, kule bara. Ardhi inapimwa kila upande, Mokowe na Hindi kule bara, nyuma ya mui huu wetu, na inapimwa kwa kipimo kimoja ambacho mnakijua kwa moyo: hamsini kwa mia, yaani futi 50 mbele na futi 100 kwenda ndani. Hicho kipimo kimeingia vichwani mwetu kama aya. Mtu haulizi kwa nini.

Mimi nimeuliza, kwa sababu ni kazi yangu. Chukua njia ya futi 300. Ukiipima viwanja vya futi 50 mbele, upande mmoja utapata milango sita. Basi. Hata mjenge ghorofa tano, milango ya njiani ni sita. Sasa pima viwanja vya futi 20 mbele, urefu wake uwe ule ule mia. Utapata milango 15. Kila familia imepata ardhi ya kutosha nyumba, kiwanda na kisima. Bei ya kiwanja imepungua, kijana ameweza. Bomba la maji limefupika kwa kila nyumba, nguzo za umeme zimepungua. Na njia imepata mato 15 badala ya sita. Sijaongeza shilingi, nimegeuza kamba tu.

Jambo jingine ni ukuta. Mtu anajenga nyumba katikati, kisha anajenga ukuta njiani, na ukuta wenyewe unamgharimu karibu na nyumba. Kwa nini ukuta wa njiani usiwe ndio ukuta wa nyumba, na ile nafasi ikakaa ndani, ikawa kiwanda, mahali pa watoto na pa kuanikia na pa mti mmoja wa mkomamanga? Najua sheria za ujenzi zinataka nafasi iachwe mbele. Sheria hizo ziliandikwa kwa miji ya magari. Serikali ya kaunti inaweza kuomba kanuni za mahali zinazofaa kisiwa cha punda na miguu, na mimi niko tayari kukaa na atakayeziandika, usiku na mchana, bila malipo.

Na kona. Niachieni kona nizilalamikie. Kiwanja cha kona kiachwe kiwe cha duka, cha madrasa, cha mahamri, na ghorofani akae mtu. Kila hatua mia pawe na kichochoro cha kukatia, mtu asizunguke kama maji kwenye mfereji uliozibwa. Na penye kichochoro pawe na kivuli. Wanangu wa Kashmiri mnajua jinsi jua la saa saba linavyowafukuza njiani. Njia pana isiyo na kivuli hata iwe nzuri vipi, mchana ni ya bodaboda peke yake, na anayetembea anageuka kuwa mtu wa kumpisha.

Kuna mzee mmoja aliniuliza kabla sijapanda hapa: "Mwanangu, moto je?" Swali lake ni zito na sitalikwepa. Jawabu ni kwamba njia kuu, moja kila baada ya vipande vichache, iwe pana ya kutosha gari, na ndani yake vichochoro viwe vifupi kiasi cha bomba la maji kufika mwisho. Paa zisiwe za makuti penye msongamano. Mji si lazima uwe mfinyu kote. Usita mmoja mpana na vichochoro vingi ni ramani tunayoijua.

Nimalizie kwa jirani yangu, ambaye jina lake nitalihifadhi. Aliachwa na mumewe na watoto wanne kwenye nyumba ya hamsini kwa mia, ukuta pande zote, geti la chuma. Miezi ya mwanzo hakuna aliyejua hali yake, mimi nikiwa mmoja wao, na nyumba zetu zimepakana. Nalisema hili kwa uchungu. Ukuta ulituficha sisi kwa sisi. Kisha siku moja nikasikia nyundo. Alikuwa anatoboa ukuta wa njiani, shimo kadiri ya dirisha. Akaweka ubao, akaanza kuuza mahamri na mbaazi asubuhi, viazi vya karai jioni. Baada ya mwezi akamwita fundi akamjengea kiti cha bloki chini ya dirisha, kwa sababu wateja walikuwa wakisimama juani. Kisha akafunga turubai la kivuli.

Sasa asubuhi watu hukaa pale. Bodaboda huegesha. Watoto wa skuli hupita upande huo hata kama si njia yao. Yule binti aliyeniuliza swali ndiye humsaidia kuhesabu chenji. Juzi nilimsikia akimwambia mtu kwa simu, "Niko hapa mtaani, barazani kwa Mama." Alisema mtaani. Hakusema nyumbani, hakusema nje.

Nimekuja na ramani mbili za kipande cha ardhi kule juu, moja ya hamsini kwa mia, na moja niliyoichora mwenyewe. Nitazitandika hapa chini ya mkungu, na kamba ya kupimia ninayo. Wenye viwanja na wanaotaka kununua, njooni tuzisome pamoja kabla ya magharibi.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.